Kofia ya Moshi ya Mwalimu Eluned

Kwetu Rhydlas, kwenye mabonde ya Wales, kila mlango wa tatu ni wa Jones, na ukimuulizia Jones hupati jibu mpaka useme Jones yupi. Ndiyo maana watu huitwa kwa kazi zao. Tulikuwa na Dilwyn Mkate, tulikuwa na Menna Posta, na tulikuwa na Idwal Gesi, fundi wa boila za kupashia nyumba joto. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, na gari lake dogo la buluu lilijulikana hata na mbwa wa mtaani.

Idwal alikuwa na sifa moja iliyompendeza kuliko zote. Mafundi wengine wakikuta boila iliyozeeka hutikisa kichwa na kusema, "Hii vipuri vyake havitengenezwi tena, mama, nunua mpya." Idwal hakuwahi kutamka neno hilo. "Kipuri kipo," alikuwa akisema, "ila chenyewe hakijajua kama tunakitafuta." Nyuma ya nyumba yake palikuwa na banda lililojaa pampu, vali na mabomba aliyochomoa kwenye boila zilizotupwa. Mkewe, Beti, aliliita banda hilo makaburini. Wazee walimpenda Idwal, maana mzee hapendi kuambiwa kwamba kitu alichozoea hakifai tena.

Mmoja wa wazee hao alikuwa Mwalimu Eluned. Alikuwa amefundisha nusu ya mji kusoma, Idwal akiwemo, na hata baada ya kustaafu aliendelea kuwa mwalimu tu. Akikutazama, unajikuta unachomoa mikono mfukoni. Mumewe, Bwana Tecwyn, alipofariki alimwachia vitu viwili jikoni: boila nzito ya chuma iliyosimama sakafuni kama kabati, na kasuku mdogo wa kijani aliyeitwa Pero. Bwana Tecwyn alikuwa amemfundisha Pero sentensi moja tu, na yule ndege aliisema kwa sauti ya Bwana Tecwyn mwenyewe, sauti yenye mikwaruzo ya tumbaku: "Weka chai, Eluned."

Na Mwalimu alikuwa akimjibu, "Subiri basi, nina mikono miwili tu."

Ukiisikia mara ya kwanza unacheka. Mara ya pili unatazama pembeni.

Septemba moja, miaka ya tisini, Idwal alikwenda kuisafisha boila ile kabla ya baridi, kama alivyofanya kila mwaka. Alipofungua mfuniko akakuta kutu imekula kofia ya moshi. Kofia hiyo ni bati lililokunjwa, linakaa juu ya moto na kuuelekeza moshi kwenye dohani. Palikuwa na tundu la kupitisha vidole viwili. Kampuni iliyotengeneza boila ile ilikuwa imefungwa zamani, na Idwal alijua kwamba kule bandani hakuwa na kofia ya aina hiyo. Fundi mwenye akili timamu hapo anazima gesi, anafunga vali, na kumwambia mwenye nyumba avumilie mpaka kofia ipatikane.

Lakini ilikuwa Ijumaa alasiri, na jioni ile kwaya ya wanaume ilikuwa na mazoezi. Halafu, kusema "nimeizima" kungefanana na maneno ya wale mafundi aliokuwa akiwacheka. Akakata kipande cha bati, akakibandika juu ya tundu, akakandika kingo kwa udongo unaovumilia moto, akawasha.

"Imekaaje?" akauliza Mwalimu kutoka mezani.

"Kama mpya, Mwalimu."

"Haikusumbui na uzee wake?"

"Hii? Hii itatuzika sote."

Akala keki ya zabibu kavu, akanywa chai, akaondoka. Nia yake ilikuwa kutafuta kofia wiki inayofuata. Lakini baridi iliwahi mwaka ule, simu zikawa hazikatiki, kila nyumba inalia. Siyo kwamba alisahau kabisa. Kila alipopita mbele ya nyumba ya Mwalimu alikumbuka, na alipofika kona ya posta alikuwa ameshasahau.

Januari, Mwalimu alimpigia simu asubuhi.

"Idwal, una sepetu?"

"Ninayo. Kuna nini?"

"Pero amekufa. Nataka kumzika chini ya dirisha, ila ardhi imeganda na mikono yangu haina nguvu."

Idwal alikwenda. Alimkuta Mwalimu amekaa jikoni na koti mwilini, uso umempauka, na juu ya meza kuna sanduku la viatu. Alichimba shimo dogo, akalilaza sanduku, akafukia. Mwalimu alisimama mlangoni ameshika mwimo.

"Nimemuua mimi," alisema.

"Mwalimu! Ndege huyu mzee. Siku zake zilifika."

"Sikumlisha. Nadhani sikumlisha. Asubuhi nilikuta kikombe chake kitupu na sikumbuki kama jana nilimpa au sikumpa." Akajigusa kipaji cha uso. "Sikumbuki vitu siku hizi, Idwal. Kichwa kinaniuma, nasahau majina ya watoto niliowafundisha. Juzi nimesimama stoo, sijui nimefuata nini. Nikitoka nje napata nafuu, nikirudi ndani ukungu unarudi. Ndiyo uzee. Lakini kumuua kiumbe kwa njaa kwa sababu ya kusahau! Na sauti ile nayo imekwenda."

Idwal aliingia jikoni kunawa mikono, na hapo ndipo alipoiona. Juu ya mfuniko wa boila, palipokuwa peupe siku zote, palikuwa na doa jeusi la masizi lililopanda ukutani kama ulimi.  Kiraka chake kilikuwa kimeachia. Tangu lini, Mungu ndiye ajuaye. Moshi ulikuwa ukimwagika jikoni badala ya kwenda dohanini, na ndani ya moshi ule mna sumu isiyo na rangi wala harufu, inayomlevya mtu taratibu, ikampa ukungu kichwani, na ikizidi haamki tena.

Kisha akaona kitu kingine. Tundu la hewa ukutani lilikuwa limezibwa kwa soksi kuukuu, kwa sababu ya upepo wa baridi. Na nafsi yake, ambayo sekunde ile ilikuwa inatafuta pa kujificha, ikalirukia tundu lile. Kumbe ameziba hewa mwenyewe! Angeacha wazi yasingetokea!

Akaichomoa ile soksi, akafungua dirisha, akazima gesi.

"Kuna kipuri kimechoka, Mwalimu," alisema, akiwa amempa mgongo. "Usiiwashe mpaka nirudi. Nitakuletea hita ya umeme."

"Haya, mwanangu. Ahsante kwa kumzika."

Ahsante ile, alimwambia Beti baadaye, ilimchoma kuliko kama angetukanwa.

Ndipo akaanza kuitafuta kofia ya moshi kama mtu anayetafuta dawa ya mtoto. Alikwenda maduka yote ya vipuri ya bondeni. Wauzaji walimcheka: "Idwal, hiyo ni ya enzi za babu yangu, nenda makumbusho!" Alipiga simu kwa mafundi waliostaafu, mmoja akiwa kitandani hospitali. Alipekua banda lake upya mpaka sakafu, ingawa alijua hamna. Jioni alikaa mezani bila kula, na Beti akimuuliza anasema tumbo. 

Kila siku alipita kwa Mwalimu kutazama ile hita, na kila siku alipanga kumwambia. Alikuwa na sentensi ya kwanza tayari. Akifika mlangoni, mdomo wake unazungumzia mvua.

Mwishowe alikwenda kwa Huw Vyuma, mwenye yadi ya vyuma chakavu barabara ya kutokea mjini. Huw alikuwa mchimbaji wa makaa ujanani mwake, kabla migodi haijafungwa, na kifua chake kilipiga mluzi akivuta pumzi.

"Kofia ya boila ile?" Huw alisema. "Hapa sina. Lakini kanisa la Pant-glas linavunjwa. Wana boila kama hiyo chumba cha nyuma, nimeiona kwa macho yangu. Ya nani hii unayohangaikia hivi?"

"Ya Mwalimu Eluned."

"Aa, maskini. Nasikia hata ndege wake kafa."

"Ndiyo. Nilimzika mimi."

Huw aliinua uso. "Ndege alikuwa anakaa wapi?"

"Jikoni."

"Na boila?"

Idwal akaanza kujifuta mikono kwenye suruali. Kifua cha Huw kilipiga mluzi.

"Sisi kule mgodini tulishuka na ndege, maana sumu ya hewa huwaua wao kwanza," alisema polepole, "ndege akianguka kwenye kizimba hatukuwa tunauliza kama amekula. Tulikuwa tunakimbia."

"Nimeshaizima, Huw."

"Sikukuuliza kama umeizima. Mwenyewe anajua?"

"Ana baridi, ana huzuni, nitamwambia nikishaitengeneza..."

"Idwal, bwana, ukiitengeneza hutamwambia. Mimi na wewe tunajua."

Kanisa la Pant-glas lilikuwa limeshaondolewa viti. Idwal alipiga magoti kwenye vumbi chumba cha nyuma, akafungua skrubu zilizoganda kwa kutu, vidole vikitoka damu, na akaitoa kofia ile nzima, haina hata tundu la sindano. Siku nyingine yoyote angeimba. Siku ile aliifunga kwa blanketi, akaiweka kiti cha mbele, akakaa ndani ya gari akilia.

Alipofika kwa Mwalimu alikuta mgeni. Alikuwa Catrin, mpwa wa Mwalimu kutoka Cardiff, binti wa kaka yake. Mezani kulikuwa na vijitabu vyenye picha za wazee wanaocheka kwenye bustani.

"Kaa, Idwal," alisema Mwalimu. "Umekuja wakati mzuri. Catrin amenipatia chumba kwenye nyumba ya wazee, karibu na kwake. Nakwenda Jumatatu."

"Unakwenda kutembea?"

"Nakwenda kukaa. Nyumba hii tutaiuza. Mtu anayesahau kulisha ndege, kesho atasahau jiko. Nisingoje kuichoma mitaa."

"Shangazi ameamua mwenyewe," alisema Catrin, kama anayejitetea. "Mimi sikumlazimisha."

Idwal alikuwa bado amesimama na blanketi kifuani. Ile sentensi yake ya kwanza ilikuwa imepotea, zikaja nyingine.

"Mwalimu, lile tundu la hewa pale ukutani, ulikuwa umeliziba. Kwa soksi. Na boila ikikosa hewa..."

Mwalimu Eluned alivua miwani. Kichwa chake kilikuwa kimeanza kupoa tangu boila izimwe, ingawa mwenyewe hakuwa ameunganisha mambo hayo, na jicho alilomtazama nalo Idwal lilikuwa lile la darasani.

"Idwal. Anza upya."

Akaanza upya. Alisema kuhusu kofia iliyoliwa na kutu, kipande cha bati, udongo, mazoezi ya kwaya. Alisema kwamba alipotamka "kama mpya" alijua si kweli. Alisema sumu ile ndiyo iliyompa maumivu ya kichwa na kusahau, na ndiyo iliyomuua Pero. "Akili yako haina tatizo, Mwalimu. Hukumuua. Ni mimi. Na nusura nikuue na wewe."

Catrin alisimama, kiti kikaanguka. "Nitakuitia polisi! Shangazi anajiona mwendawazimu, wewe unakuja hapa kunywa chai?"

"Kaa chini, Catrin," alisema Mwalimu. Kisha, kwa sauti ndogo, "Ulijua lini, Idwal?"

"Siku ile ya kumzika. Nilipoona masizi."

"Ukanisikia nikisema nimemuua kwa njaa."

"Ndiyo."

"Na siku zote ulizokuwa unakuja kutazama hita, ukanisikia nikisema."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Lile la bati naweza kulielewa," alisema. "Watu hufanya uvivu. Mimi mwenyewe nimewahi kusahihisha madaftari bila kuyasoma. Lakini hili la pili..."  Alikwenda dirishani, akasimama akitazama ile ardhi ngumu nje, na walimsikia akilia bila kujificha, mwanamke ambaye hata kwenye mazishi ya mumewe hakuna aliyemwona akitoa chozi.

Alipogeuka uso ulikuwa mkavu.

"Kofia hiyo iache. Merfyn, fundi wa Trefelin, atakuja kuifunga, siyo wewe. Sasa niambie. Wengine ni wangapi?"

"Wengine?"

"Usinifanye mjinga mara ya pili. Mtu hasemi 'kama mpya' kwenye nyumba moja tu."

Idwal alitazama sakafu. Kulikuwa na Gwilym, mfugaji wa kondoo kule mlimani. Na kulikuwa na dada wawili wa ukoo wa Probert, vikongwe wote, waliokaa nyuma ya shule.

"Catrin, nipe koti langu."

"Shangazi, unakwenda wapi? Unaumwa!"

"Nakwenda na Idwal. Akienda peke yake, akifika mlangoni ataanza kuzungumza habari za mvua."

Basi watu wa Rhydlas waliliona lile gari la buluu siku hiyo, Mwalimu Eluned amekaa mbele, mkoba magotini, na Idwal akiendesha kama anayekwenda kunyongwa. Kwa dada wa Probert Idwal alibisha hodi mwenyewe na kusema yote mwenyewe. Mwalimu alisimama nyuma yake. Vikongwe wale hawakuelewa vizuri, wakataka kumpa chai. "Chai hapana," Mwalimu alisema kutoka nyuma, "mruhusuni azime gesi, na mje mkae kwangu kwenye hita mpaka Merfyn aje." Kiraka cha kwao kilikuwa bado kimeshika, lakini kingo zilikuwa zimeshapasuka.

Gwilym alielewa haraka. Alikuwa na mjukuu mchanga ndani ya nyumba.

"Yaani umeniwekea kitu hicho chini ya kitanda cha mtoto, halafu Krismasi umekuja hapa kuimba na kwaya yako?"

"Ndiyo, Gwilym."

"Zima. Halafu utoke kwenye ardhi yangu. Na Mwalimu, samahani, sikukusalimia."

"Huna haja," alisema Mwalimu.

Merfyn aliifunga ile kofia ya Pant-glas, na boila ya Mwalimu ikawaka moto wa buluu safi. Daktari alimpima, akasikiliza kisa, akasema kumbukumbu itarudi, na ikarudi, isipokuwa mambo machache ya baridi ile. Chumba cha Cardiff akapewa mtu mwingine. Idwal aliwapigia simu mwenyewe waliompa leseni, akajitaja. Walimsimamisha, na muda ulipokwisha hakuirudia kazi ile. Alipata kibarua cha kupaka rangi reli za stesheni. Huw Vyuma alikuja na lori kuchukua vyuma vyote vya bandani, na Beti akapanda viazi pale palipokuwa na banda. Kwenye kwaya wengine walimtetea, wengine walinyamaza akiingia. Gwilym hakuwahi kumsemesha tena.

Yote hayo Idwal aliyabeba. Lililomshinda ni kukaa kanisani Jumapili, benchi mbili nyuma ya Mwalimu, na kukitazama kisogo chake. Mwezi wa Mei alimsubiri langoni, amevua kofia yake kichwani.

"Mwalimu, utanisamehe?"

Mwalimu Eluned alifikiri kweli, alivyokuwa akifikiri mtoto akimuuliza swali gumu.

"Sijui, Idwal. Najaribu, halafu asubuhi jikoni panakuwa kimya, naanza tena mwanzo. Sitaki kukudanganya kwamba nimekwisha kusamehe. Usiniulize kila wiki. Nikijua, nitakuambia."

Aliishi miaka mingine mingi. Alimsalimia kila Jumapili, akamuuliza hali ya Beti na ya viazi, na Beti alipougua alimpelekea mchuzi wa kondoo mpaka alipopona. Idwal hakuuliza tena. Kila walipopeana mikono langoni aliuchelewesha wake kidogo, labda leo. Mwalimu Eluned alifariki usingizini, akiwa na akili zake zote, na hakuwa amemwambia.